Usiniletee Umri, Niletee Mtoto

Jina lake silijui. Sisemi nimelisahau, sikuwahi kuliuliza. Kangemi nzima, kuanzia stejini hadi kule sokoni kwa akina mama wa sukuma wiki, alikuwa Mama Viti, basi, na ukiuliza Mama Viti yuko wapi hakuna aliyekuuliza viti gani. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, aliolewa au aliwakimbia wote, hayo kamuulize mtu mwingine. Mimi nimemjua kwa miaka mitano ya kutukanwa, na mtu akikutukana kwa moyo wote miaka mitano unamjua kuliko ndugu zako.

Aliuza viti vya watoto, vile vya kufungwa kwenye gari. Si vipya. Vya mitumba, ambavyo watoto wa ng'ambo wamekalia, wakakua, wakaviacha na makombo ya biskuti ndani yake. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, ukishuka kutoka Waiyaki Way kabla hujafika sokoni, na viti vilining'inia darini kwa kamba, hivi kwamba mtu mrefu kama mimi aliingia kwa kujikunja. Jambo hilo lilimfurahisha mno. Shingoni alitundika futi ya fundi wa nguo, na mkono mmoja wa miwani yake ulishikwa kwa uzi mweusi wa kushonea.

Niseme mapema kilichonipeleka kwake. Kazi yangu ni ya bima, huko mjini, ghorofa ya nne, na kutwa nzima nasoma maelezo ya magari yaliyogongana. Nani alitokea wapi, nani hakumwona nani. Ukisoma hayo kila siku, halafu Mungu akupe mtoto, unarudi nyumbani Muthangari na swali moja tu kichwani: siku tukigongwa, huyu atashikwa na nini? Mke wangu alisema nawaza sana. Ni kweli, nawaza sana. Lakini Nekesa alikuwa na wiki tatu, shingo haijakaza, na roho yangu ilikataa kutulia.

Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu, saa ya chakula cha mchana, na tai yangu ya ofisini. Nikajichagulia mwenyewe kiti kikubwa, cheusi, imara, cha mtoto wa miaka mitatu au minne, kinachotazama mbele. Nikajipongeza kimoyomoyo.

"Mtoto ako na miaka mingapi?" Mama Viti akauliza.

"Wiki tatu."

Akavua miwani akanitazama. Kisha akaivaa, akanitazama tena.

"Wiki tatu. Na hii ni ya nini?"

"Atakulia humo," nikasema.

Wewe unayesoma usinicheke, maana hata wewe umelelewa hivyo hivyo. Sweta yangu ya darasa la kwanza ilinunuliwa Bungoma ikiwa na mikono ya kufika magotini. Niliivaa mpaka darasa la tano, na ilipofika kunikaa sawasawa viwiko vilikuwa vimeshatoboka. Viatu vyetu vilijazwa karatasi kwenye vidole. Kwetu sisi kumnunulia mtoto kitu kinachomtosha leo ni kutupa pesa. Atakulia! Mama yangu alilisema neno hilo kwa fahari, na mimi nikalisema kwa fahari ile ile.

"Atakulia," Mama Viti akarudia polepole. "Wewe baba, umesoma kweli ama ulikuwa unapitia tu shule ukienda dukani? Sweta ikiwa kubwa mtoto anakunja mikono. Kiti ikiwa kubwa, siku ya kugongwa mtoto anatoka. Hakuna kukunja hapo. Anatoka!"

"Basi nipe ya wiki tatu."

"Sikupi. Usiniletee umri, niletee mtoto. Umri ni stori tu. Nimeona wa mwaka mmoja anatoshana na mbuzi, na mwingine wa mwaka huo huo anatoshana na kuku. Lete mtoto, na ulete hiyo gari. Kiti inafungwa kwa gari, haifungwi kwa tai."

Nikarudi ofisini mikono mitupu, na chakula cha mchana kimenipita.

Jumamosi tulirudi watatu, mke wangu akiwa na Nekesa kifuani. Mama Viti alitandika leso safi juu ya meza, akanawa mikono kwenye beseni, akamlaza mtoto wangu hapo kama kitambaa cha suti. Akapima kutoka makalio hadi bega, kutoka makalio hadi utosi, huku midomo yake ikihesabu bila sauti. Nekesa akamkojolea futi.

"Huyu amekubali," Mama Viti akasema, akaifuta kwa pindo la leso. "Mama yake, umezaa mtu wa maana. Baba yake tutamvumilia."

Kiti alichotupatia kilikuwa kidogo, chenye rangi ya ugoro, kibaya kwa kweli, cha kumtazamisha mtoto nyuma. Alikuja nacho hadi kwenye gari. Akavua viatu, akapanda kiti cha nyuma, akakita goti ndani ya kile kiti na kuvuta mkanda mpaka gari zima likayumba. Kisha akashuka akihema na kuniambia nikishike pale mkanda unapopita, nikitingishe. Nikatingisha. Gari likatingishika, kiti hakikusogea.

"Ikisogea kuliko upana wa kidole, fungua uanze upya," akasema. "Na mkanda wa mtoto, jaribu kuufinya begani hivi. Ukifinyika, umelegea. Usikose kufinya hata kama mmechelewa kanisani. Mungu atangoja."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, kwa tajiri na kwa mnyonge. Kuna siku alikuja bwana mmoja na gari kubwa, viti vyake vya ngozi ya rangi ya maziwa, akataka kiti cha mtoto kinachofanana na ngozi hiyo. Mama Viti akamwambia mtoto anatazama nyuma, hataona. Bwana akasisitiza. Mama Viti akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe cha meza, kile cha kufumwa kwa sindano, akamwekea begani. "Rangi ndiyo hiyo, nakupa bure. Sasa tutafute kiti." Jamaa alicheka mpaka akaegemea gari lake, akanunua cha rangi ya damu ya mzee.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mwongo, na mwongo hodari. Kila kiti kibandani mwake kilitoka Ujerumani, tena kwa daktari. "Hii ilikuwa ya mtoto wa daktari, Ujerumani. Mtoto mmoja tu, hana hata mafua." Kiti chetu kile cha ugoro alimwambia mke wangu kimetoka Ujerumani. Nilipokigeuza nyumbani nikakuta maandishi ya Kijapani, nikarudi kumwonyesha. Hakushtuka. "Daktari alihama," akasema. Alidanganya kuhusu bei aliyonunulia, kuhusu wateja wengine waliokuwa njiani kukifuata kiti hicho hicho, kuhusu umri wake, kuhusu chai kama amekunywa au hajanywa. Lakini ukimuuliza habari ya mkanda, uongo uliisha papo hapo. Aligeuza kiti, akatafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki chini, akakusomea mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kukoma kutumika. Kama mwaka umepita alikuambia umepita, hata kama pesa tayari ziko mkononi mwake. Nilimwona akirudisha pesa hivyo, tena akiwa na hasira na pesa zenyewe.

Na alipanda bodaboda kwa kukaa upande, miguu yote kushoto, kibeti mapajani, bila kofia ya chuma kwa sababu inaharibu nywele. Siku moja nilimkuta akiteremka namna hiyo, nikaona leo ni leo, nimempata.

"Mama Viti! Wewe na mikanda yako yote!"

"Mimi nishamaliza kukua," akasema, akijipangusa vumbi. "Kiti ni ya anayekua."



Vita vyake vikubwa vilikuwa na akina nyanya. Aliwapenda, aliwaita mama, aliwapa kiti cha kukalia, halafu aliwashambulia. Nina ushahidi, kwa sababu mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu.

Ilikuwa Julai, ule wakati wa Nairobi wa baridi inayoingia kwenye mifupa. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Machakos kumwona mjukuu, akamvisha sweta tatu, kofia ya sufu, soksi mbili mbili, na juu yake blanketi. Nekesa alibaki pua tu. Tulipomweka kwenye kiti kumpeleka chanjo, mkanda ulikataa kufika. Mama mkwe akamwambia mke wangu, kwa Kikamba halafu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, kwamba dawa ni kuulegeza mkanda.

Mimi nilijua hapana. Lakini sisi watu wa Bungoma mama mkwe hatumzoei. Mikono hatupeani, usoni hatutazamani. Huyu nilikuwa nikimsalimia huku nikiusemesha ukuta. Sasa mtu ambaye siwezi hata kumwangalia, nitamwambia vipi amvue mtoto sweta? Nikaulegeza mkanda. Nikaendesha gari polepole, nikazungukia Kangemi makusudi, nikasema tunasimama kidogo, nataka nyanya za kupika.

Mama Viti alitoka, akachungulia dirishani.

"Mama, hamjambo. Karibu Nairobi. Huyu ni mtoto ama ni godoro?"

"Kuna baridi," mama mkwe akasema.

"Ni kweli, baridi iko. Sasa nitazame, mama yangu." Akafungua mkanda bila kuugusa urefu wake, akamtoa Nekesa, akamvua zile sweta moja moja mpaka ikabaki fulana, akamrudisha na kumfunga tena. Kati ya mkanda na kifua cha mtoto kulikuwa na nafasi. Akakunja ngumi yake, hiyo ngumi nene, akaipitisha hapo, akaitoa, akaipitisha tena. "Hapa ndipo mjukuu angepitia. Sweta inafinyika, mama. Ikigongwa inakuwa kama karatasi." Kisha akauvuta mkanda ukakaza vizuri, akachukua blanketi na kulitandaza juu ya mkanda, kutoka miguuni hadi kidevuni. "Sasa ana joto, na ameshikwa."

Tulipokuwa tunakaribia Parklands, kwenye hospitali tulikokuwa tunampeleka Nekesa, mama mkwe akasema, "Huyo mwanamke hana adabu." Baada ya muda akaongeza, "Lakini ana akili." Siku aliporudi Machakos nilisikia akimfundisha jirani yake kwa simu habari ya ngumi.

Nyanya sikununua. Hakuna aliyeuliza.

Mimi mwenyewe alinipiga vita kuhusu kumgeuza mtoto atazame mbele. Nekesa alipotimiza mwaka na nusu nilitaka kumwona. Nilichoka kuzungumza na mgongo wa kiti. Nilitaka nikiangalia kioo nimwone usoni, nimwimbie, anicheke. Miguu yake ilikuwa imekunjana imegusa kiti cha nyuma cha gari, nikapata kisingizio. Nikamwambia Mama Viti, mtoto anaumia miguu.

"Amekuambia?"

"Hapana, lakini naona."

"Umeona amekaa sebuleni? Anakaaje?"

Nikakumbuka. Anakaa amekunja miguu kama chura, saa nzima.

"Mguu ukivunjika tunafunga plasta, anachorewa maua na wenzake, baada ya miezi yuko uwanjani," akasema. "Shingo je?" Hapo hakuwa anatania. Alinitazama mpaka nikatazama chini. Kisha akaninunulia mahindi ya kuchoma ya mama jirani, kwa pesa zake, na kuniambia niyale nikiwa nimetulia. Nekesa alitazama nyuma mpaka akakaribia kutimiza miaka mitatu, na nyimbo zote nilimwimbia bila kumwona.

Kwake viti vilizunguka. Mtoto akikua, unakiosha kiti chake, unakirudisha, unaongeza kidogo juu, unapewa cha ukubwa unaofuata, na kile chako kinamwendea mtoto mwingine. Cha ugoro kilienda kwa mapacha, mmoja wao; wa pili alitafutiwa kingine. Tukapata cha buluu, kisha, miaka mitatu ilipofika, kile kikubwa cheusi cha kutazama mbele. Kilikuwa kile kile nilichokitaka siku ya kwanza, au ndugu yake. Mama Viti alikikabidhi kwangu kwa mikono miwili. "Haya sasa. Amefika."

Nilikipenda hicho kiti kuliko vyote. Na hicho ndicho Nekesa alichokuwa amekalia tulipogongwa.

Tulikuwa kwenye Waiyaki Way, magari yamesimama, saa kumi jioni, mimi na Nekesa tu. Lori likatugonga kutoka nyuma. Halikuwa na kasi sana, lakini lilitosha kutusukuma mpaka tukaligusa gari la mbele, na buti la gari langu likakunjamana. Nakumbuka nilivyogeuka. Nekesa alikuwa amekaa vile vile, mikanda imemshika mabega yote mawili, macho makubwa, analia kwa sababu juisi imemwagika kwenye gauni. Juisi! Nilimtoa hapo nikamkumbatia kando ya barabara huku dereva wa lori akiniomba radhi, na mimi nikimwambia asante, asante, mpaka akadhani nimechanganyikiwa.

Nikarekebisha gari. Kiti nilikikagua kila upande. Hakikuwa na ufa. Nikakirudisha mahali pake, Nekesa akaendelea kukikalia mwaka mzima. Kwa Mama Viti sikupeleka habari. Nilijiambia nitamwambia nikipita.

Mwaka huu Nekesa ametimiza miaka mitano, mabega yamepita matundu ya juu ya mkanda, ikawa wakati wa kile kiti cha mwisho, cha kumwinua tu ili mkanda wa gari wenyewe umpite begani badala ya shingoni. Nikakiosha kile cheusi, nikakianika, kikang'aa. Jumamosi asubuhi tukaenda.

Mama Viti amezeeka. Miwani imekuwa minene, na tarehe iliyo chini ya plastiki sasa anamwomba mteja amsomee. Aliniomba mimi. Nikaisoma kwa sauti, ilikuwa bado ina miaka. Akapapasa mikanda kwa vidole, kila uzi, akatikisa kichwa kuonyesha imempendeza. Kisha akaniuliza swali analowauliza wote wanaorudisha.

"Hii imewahi kugongwa?"

"Hapana," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Kazini kwangu ndimi ninayewaandikia watu barua za kuwaambia kwamba hawakusema ukweli kwenye fomu, kwa hiyo bima haitawalipa. Lakini nilijua akisikia kimegongwa hatakipokea, na nilikiona kiko kizima, kimeoshwa, chetu. Kweli kabisa sikuona ubaya.

"Wewe sikuulizi mara mbili," akasema, akakiweka mezani.

Hakijakaa dakika kumi. Aliingia msichana mmoja wa hapo Kangemi, mama wa kijana wa miaka mitatu kasoro aliyembeba kiunoni. Mumewe alikuwa ameanza kuendesha teksi, na kila asubuhi mtoto angepanda naye mpaka shule ya chekechea Parklands. Mama Viti akampima yule mtoto, makalio hadi bega. Akatazama darini, akatazama mezani.

"Kaa hapa, bwana mkubwa," akamwambia mtoto, akamweka kwenye kiti chetu.

"Ni safi?" yule mama akauliza. "Nimeambiwa vingine vinakuwa vimeshapata ajali."

"Hiki ni safi. Kimetoka kwa mtu ninayemjua."

Nilingoja Ujerumani. Nilingoja daktari. Hakusema. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano nilimsikia Mama Viti akimwambia mteja kiti kimetoka wapi hasa, na mtu huyo alikuwa mimi.

Yule kijana alikuwa ameshika mikanda kwa mikono miwili, anaendesha lori lake la kichwani, vruum, vruum. Nekesa alikuwa kando yangu. Aliinua uso tu akanitazama, na mimi nikajua anakumbuka juisi.

"Mama Viti," nikasema. "Kimegongwa. Mwaka jana. Waiyaki Way, lori."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimtoa mtoto kwanza, akampa mama yake. Yule mama akampokea kwa kiuno cha kulia, halafu, akinitazama, akamhamishia kiuno cha kushoto, upande wa mbali na mimi. Aibu ikanishika mpaka masikioni.

"Kilimshika mtoto wako?" Mama Viti akauliza.

"Kilimshika."

"Basi kimemaliza kazi. Kiti ni njiti ya kiberiti. Ikiwaka mara moja imewaka, hata kama inaonekana nzima." Akavuta mtoto wa meza, akatoa mkasi wake wa kukatia nguo, akanipa upande wa kushikia. "Kata."

Mkanda wa kiti si kitambaa. Unakata, unakata, unaona umekata nyuzi nne. Nilikata mikanda mitano, mbele ya binti yangu, mbele ya yule mama na mwanawe, mbele ya mama wa mahindi aliyekuja kutazama. Nilitokwa jasho. Hakuna aliyesaidia na hakuna aliyecheka.

Kisha Mama Viti akampima Nekesa, akamtafutia kile kiti cha kumwinua, akaja hadi kwenye gari, akahakikisha mkanda unalala katikati ya bega na chini kabisa ya tumbo, magoti yanakunjika mwisho wa kiti. Kila kitu alikifanya sawasawa. Nilipolipa alipokea pesa kwa mikono miwili.

"Asante sana, bwana," akasema. "Karibu tena."

Bwana! Miaka mitano nilikuwa Baba Nekesa, nilikuwa mrefu wa bure, nilikuwa wewe uliyepitia shule. Niliendesha gari hadi Muthangari nikihisi kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwa adabu zote. Mke wangu aliponiuliza kuna nini nilimwambia yote, na yeye akasema, "Si ungemwambia tu?" Hilo ndilo hasa, ningemwambia tu.

Jumamosi iliyofuata nilipita Kangemi bila sababu. "Karibu, bwana, nikusaidie na nini?" Nikasema napita tu. Jumamosi ya pili, hivyo hivyo: karibu, bwana. Nilimuuliza kama yule mama wa Kangemi alipata kiti. "Alipata," akasema kwa upole, na hapo mazungumzo yakaisha. Nilimpelekea nyanya kutoka sokoni, akanishukuru kama mtu wa kanisani.

Jumamosi ya tatu palikuwa na mwanamke mwingine, mgeni kwangu, na mtoto amemfunga mgongoni kwa leso. Alikuwa ameshika kiti kimoja anakigeuzageuza kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimesimama nje, nikijifanya natazama mahindi.

"Sasa mama, mtu atajuaje kama kimegongwa?" nikamsikia akiuliza.

"Kwa macho huwezi," Mama Viti akasema. "Hata mimi nilidanganywa. Mtu wangu. Nimempimia mtoto tangu wiki tatu, nimenunulia mtu mahindi, akanitazama hivi, akanidanganya." Kisha akainua sauti, sauti yake ile ya zamani, iliyosikika hadi stejini. "Wewe mwongo! Wewe mrefu wa bure hapo nje! Unafikiri siku zote hizi nakuona kama nguzo ya stima? Kuja hapa umwambie huyu mama!"

Sijawahi kuitikia mwito haraka namna ile. Nikaingia, nikamwamkia yule mama, nikaanza kumweleza: Waiyaki Way, lori, juisi, mtoto wangu hakupata hata mkwaruzo, kiti nikakikagua, hakina ufa, basi nikakiosha, nikakileta hapa, na baadaye nikamwambia Mama Viti kwamba kimegongwa.

"Rudi nyuma," Mama Viti akasema. "Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Nilikuuliza kama imegongwa. Ulisema nini?"

Mtoto alikuwa amechungulia juu ya bega la mama yake, ananikodolea macho.

"Nilisema hapana," nikamwambia yule mama.